Dodoso, Swali la Saba

Nimetumwa kuhesabu abiria wa treni isiyokuwepo.
Reli nyepesi, nasema, Mwanza hadi Magu,
na kabla sijameza mate Holo wa Kisesa ananikata:
"Nyepesi vipi? Dagaa itabeba?"
Ana madebe manne, yako juani tangu asubuhi
na yanajieleza yenyewe.
Natafuta kwenye kishikwambi mahali pa kuandika harufu.
Hapapo.
Namwekea alama: Labda.

Nauli niliyopewa niiseme ni elfu moja na mia mbili.
Wanafunzi wa chuo wakiisikia wanapigana vikumbo,
wote wanapanda, kila siku, hata Jumapili.
Mzee Limbu anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati.
"Hiyo ni ya kwenda tu, au na kurudi?
Maana kwenda, mwanangu, hakujawahi kunishinda."

Pale Igoma, Shija hakushuka kwenye pikipiki yake.
"Andika nimekubali. Andika kwa herufi kubwa.
Halafu chini, kwa herufi ndogo kabisa,
andika Shija ana mkopo,
imebaki miezi kumi na minne."
Akawasha, akaondoka na mteja na ndoo ya rangi,
nami nikabaki na vumbi na herufi kubwa.

Bibi Nkwimba alinizungusha ukutani kwake.
"Hii X ni ya barabara. Hii ya bomba la maji.
Hii hapa sikumbuki, ila waliokuja walikuwa na adabu,
walikunywa uji.
Nyumba yangu imeshakubali mara tatu, baba.
Na nyie mkija na kopo lenu,
jaribuni pale karibu na dirisha, bado pana nafasi."

Msimamizi alituambia semina ni siku mbili, posho ni ya moja.
Alituambia: tabasamu. Usibishane. Usiahidi.
Mwongozo, ukurasa wa nne: *Usitaje mwaka.*

Sasa huyu Milembe, karibu na daraja la Simiyu.
Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba,
amefunga kitenge juu ya sweta, na jua lile.
Nikamsomea swali la saba:
Ungepanda mara ngapi kwa wiki?
"Mbili," akasema. "Jumatatu na Alhamisi.
Ndizo siku zangu za kufuliwa damu Bugando.
Natoka hapa saa kumi usiku, narudi jua limezama,
na njiani natapika kwenye mfuko, kimya, abiria wasijue."

Mbili. Jibu la kwanza siku nzima lililoingia kwenye kisanduku
bila kukunjwa.
Kidole changu, Mungu anisamehe, kilifurahi.

"Itaanza lini?"

Nikautaja mwaka.
Sijui kwa nini. Ukurasa wa nne ulikuwa wazi mapajani.
Akaanza kuhesabu kwenye vidole, polepole,
mkono wa kwanza ukaisha,
wa pili ukafika kidole cha pete, ukasimama.
Akaifumba mikono yote miwili kama mtu anayeficha sarafu.

"Sawa. Niache hivyo hivyo, mbili.
Kiti si kitakuwepo? Mtu atakikalia."

Swali la nane ni kuhusu choo cha stesheni.
Sikuliuliza.

Jioni watatoa asilimia, najua, na itakuwa nzuri,
itasimama kwenye ripoti kama yale mawe ya Mwanza
yaliyobebana juu kwa juu
bila hata moja kuulizwa maoni.
Ndani ya hiyo asilimia kuna mwanamke mwenye sweta.
Nimemwacha hivyo hivyo. Mbili.

Nipo darajani natafuta mtandao.
Kishikwambi kinazungusha kaduara kake, hakitumi.
Chini mto unaelekea ziwani na majani na kiatu kimoja cha mtoto,
kila siku, bila nauli,
kwenda tu.